Mvinyo Usiku wa Kuamkia Vipimo

Leo tuzungumzie usiku mmoja tu, usiku wa kuamkia vipimo. Karatasi ya daktari iko mezani. Imeandikwa sukari, lehemu, ini na figo, au imeandikwa kwamba kesho saa mbili asubuhi mhusika afike achukuliwe kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe wa titi. Maumivu hayajazidi ya jana, lakini tumbo ni joto, chakula hakishuki, na kila akijaribu kuwaza jambo lingine mawazo yanarudi palepale. Hapo wengi, wanaume kwa wanawake, hufungua chupa ya mvinyo. Hawatafuti ulevi. Wanatafuta jioni tulivu: muziki wa chini, simu pembeni, glasi moja au mbili za mvinyo wa Dodoma, na usingizi unaokuja mapema. Na rafiki mwenye nia njema huwa ndiye aliyewashauri: kunywa kidogo upoteze mawazo. Nataka tuupime ushauri huo bila kumhubiria mtu. Hoja yangu ni kwamba anayengoja vipimo anaihitaji kweli ile jioni tulivu, na ana haki nayo. Lakini mvinyo ndio sehemu ya jioni hiyo isiyomsaidia. Nafuu anayoipata hutoka kwa vitu vingine vilivyoizunguka chupa, kisha chupa ikapewa sifa isiyo yake.

Tuanze na hofu yenyewe, maana wapo wanaoicheka. Mwaka 2016, Archy de Berker na wenzake wa University College London walichapisha katika jarida la Nature Communications jaribio lililofanywa kwa watu 45. Washiriki walicheza mchezo wa kompyuta wa kugeuza mawe na kubashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akitokea, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi, shoti ya kuuma lakini isiyodhuru. Mchezo ukiendelea, watafiti walikuwa wakipima jasho la ngozi na kupanuka kwa mboni za macho, mambo ambayo mtu hawezi kuyaigiza. Ilionekana kwamba washiriki walihangaika zaidi pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu kuliko pale walipojua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Yaani baya lenye uhakika liliusumbua mwili kidogo kuliko baya ambalo huenda lipo na huenda halipo. Anayengoja majibu ya vipimo yuko katikati kabisa ya hali hiyo. Kwa hiyo anayeshindwa kula usiku huo si mwoga, wala si mtu wa imani haba. Mwili wake unafanya kama inavyofanya miili ya watu wengine wote, na kumwambia aache wasiwasi hakumpunguzii kitu.

Kutokana na hilo tunaweza kuweka vigezo. Chochote kinachodai kumsaidia mtu huyu sharti kifanye angalau jambo moja kati ya matatu: ama kipunguze kule kutojua, ama kiishike akili yake mpaka muda upite, ama kiupe mwili usingizi wa kweli ili asubuhi aamke na nguvu. Kwenye kigezo cha kwanza mvinyo hauna la kusema, kwa kuwa hakuna glasi iliyowahi kumweleza mtu kipimo kinafanywaje au majibu yatatoka lini. Watetezi wake hushika viwili vilivyobaki. Wanasema unapoteza mawazo, tena unaleta usingizi. Madai hayo yote mawili yamechunguzwa, na inafaa tuyatazame moja baada ya jingine.

Mwaka 1988, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, waliwatia watu hofu kwa makusudi. Waliwaambia kwamba baada ya dakika 15 kila mmoja atatoa hotuba kuhusu mambo asiyoyapenda katika mwili na sura yake. Baadhi walikuwa wamekunywa pombe na wengine hawakunywa. Wapo waliopewa picha za kutazama na kuzitolea maoni wakati wa kungoja, na wapo walioachwa wakae tu. Waliokunywa na kupewa picha, hofu yao ilishuka. Waliokunywa na kukaa bila kazi hawakuipata nafuu hiyo. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba pombe haiendi ikaigusa hofu moja kwa moja. Inachofanya ni kuupunguza uwezo wa akili wa kushika mambo mengi kwa mara moja, hata ikabaki na lile lililo karibu tu. Kama lililo karibu ni shughuli, ngoma au mazungumzo ya marafiki, hofu inasukumwa nje. Kama lililo karibu ni hofu yenyewe, akili inabaki nayo hiyo peke yake.

Hapo ndipo jioni tulivu ya mvinyo inapoponzwa na utulivu wake. Baa yenye kelele angalau ina cha kushindana na hofu, lakini sebule yenye taa hafifu, mtu mmoja na karatasi ya daktari haina. Msikilizaji makini ataniuliza: kwani jaribio hilo halionyeshi kwamba pombe ikiambatana na shughuli inasaidia? Linaonyesha hivyo, kwa dakika 15. Lakini kipimo chetu hakiko mbele kwa dakika 15. Kiko mbele kwa saa 12, na katikati kuna usiku mzima ambao shughuli zimekwisha, wageni wameaga, na ini bado linahangaika na kilichonywewa. Ni lazima basi tuuangalie usiku wenyewe.

Tupige hesabu. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wenye kileo cha asilimia 12 ina takriban gramu 14 za pombe halisi. Ini la mtu mzima huvunja kiasi cha gramu saba hadi kumi kwa saa, na haliongezi mwendo kwa kuoga maji baridi wala kwa kahawa chungu. Glasi mbili zinahitaji kama saa tatu hadi nne. Aliyeanza saa tatu usiku, pombe inamwisha mwilini mnamo saa sita au saa saba. Mpaka hapo amelala, tena alilala upesi, kwa kuwa pombe huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza na kuikandamiza ile inayochangamsha. Ubongo haukubali kuelemezwa upande mmoja, nao hujibu kwa kusukuma kwenda upande wa pili. Pombe ikiisha, msukumo ule unabaki bila wa kuupinga: moyo unaenda mbio, jasho linatoka, usingizi unakatika-katika. Pombe pia huzuia homoni inayoziamuru figo zibakize maji, kwa hiyo kibofu nacho kinamwamsha. Usingizi wa ndoto, uliopunguzwa katika nusu ya kwanza ya usiku, haufidiwi vizuri katika nusu ya pili. Kwa hiyo saa tisa usiku mtu yuko macho, kinywa kikavu, moyo unadunda, nyumba nzima kimya. Hana picha za kutazama wala mtu wa kuzungumza naye. Mvinyo umemlaza mapema ili umwamshe saa ambayo hofu haina mpinzani.

Sasa twende maabara, kwa sababu gharama nyingine ya chupa huonekana huko. Damu ya kupima lehemu ikishachukuliwa na kuganda, kichupa huwekwa kwenye mashine kikazungushwa kwa kasi mpaka chembe zitulie chini na majimaji yabaki juu. Kwa kawaida majimaji hayo ni angavu, yana rangi ya manjano iliyopauka. Mafuta yanayoitwa trigliseridi yakizidi sana, majimaji huwa na ukungu mweupe wa maziwa. Pombe hulisukuma ini litengeneze mafuta hayo kwa wingi, na ikiandamana na sahani ya nyama choma hali huwa mbaya zaidi. Maabara nyingi haziipimi moja kwa moja ile lehemu mbaya, bali huikokotoa kutokana na jumla ya lehemu, lehemu nzuri na trigliseridi. Trigliseridi zikipita milimoli 4.5 kwa lita, hesabu hiyo haitegemeki tena. Mara nyingi daktari humrudisha mtu siku nyingine, na siku hiyo nayo ina usiku wake wa kuamkia. Aliyekunywa ili apunguze hofu ya usiku mmoja amejinunulia hofu ya usiku wa pili.

Sukari nayo ina mambo yake. Kipimo cha sukari kabla ya kula hutaka mtu akae angalau saa nane bila kitu tumboni isipokuwa maji, na ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi daktari anaanza kufikiria kisukari. Mtu akifunga kula, ini ndilo linalotengeneza sukari ya kuutosheleza mwili usiku kucha, na pombe hulizuia ini kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo namba inaweza kushuka kwa namna isiyoonyesha hali halisi ya kila siku. Kwenye presha pombe hugeuka katikati ya safari. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2020 ulionyesha kwamba zaidi ya gramu 30 za pombe, ambazo ni glasi mbili na ushei, huishusha presha katika saa za mwanzo, hadi kama saa 12, kisha huipandisha baada ya saa 13. Mtu akinywa saa tatu usiku na akavalishwa mkanda wa presha saa nne na nusu asubuhi, ameangukia kwenye sehemu ya kupanda. Anaondoka hospitali akidhani ana presha, kumbe sehemu ya namba ile ni ya chupa.

Kuna jambo zito kuliko namba zisizo sahihi, nalo ni dawa. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi, akinywa pombe huku amefunga kula kwa ajili ya kipimo, anaweza kushukiwa na sukari usingizini mpaka akapoteza fahamu, na wa nyumbani wakadhani amelewa tu. Anayeongeza kidonge cha diazepam, au piritoni ambayo wengi huimeza ili walale, anajumlisha vitu viwili vinavyouzamisha ubongo na, vikizidi, kudhoofisha pumzi. Na anayekwenda kuingizwa kamera tumboni huenda akachomwa dawa ya kumlaza kidogo, na daktari anayetoa dawa hiyo anahitaji kujua kama mgonjwa alikunywa jana. Wengi huona aibu kusema, au hudhani swali hilo ni la kuwapima tabia. Ukweli ni kwamba daktari analiuliza ili asiwadhuru.

Nikifika hapa najua yapo maneno ya kunijibu, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba nimekuza mambo, kwani glasi moja haimuui mtu. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Kuna vipimo vingi ambavyo glasi ya jana haivibadilishi majibu: kipimo cha haraka cha VVU, cha malaria, picha ya eksirei ya kifua. Hata vile vimeng'enya vya ini ambavyo watu wanaviogopa hupandishwa zaidi na mazoea ya kunywa kuliko na glasi ya usiku mmoja. Lakini hoja ya glasi moja inasahau mambo mawili. Kwanza, glasi ya nyumbani haina alama ya kipimo, na mwenye hofu haimimini kwa kijiko. Chupa nzima ya mililita 750 ina gramu zipatazo 70, mzigo wa saa saba hadi kumi kwa ini. Pili, hoja hiyo inathibitisha tu kwamba mvinyo kidogo haudhuru sana. Haithibitishi kwamba unasaidia, na sisi tulianza kwa kuuliza kama unasaidia.

La pili husema kwamba mvinyo, hasa mwekundu, ni dawa ya moyo, na kwamba madaktari wenyewe walisema. Habari hiyo ilivuma tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale mtafiti wa Ufaransa Serge Renaud alipoeleza kwa nini Wafaransa, pamoja na siagi na jibini zao, hawakuonekana kuugua moyo kwa kiwango kilichotarajiwa. Tafiti nyingi za wakati huo zililinganisha wanywaji wa kiasi na wasiokunywa, bila kuzingatia kwamba miongoni mwa wasiokunywa walikuwamo watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ukiwaweka wagonjwa hao upande mmoja, wanywaji lazima waonekane wana afya. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka pombe katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani tangu mwaka 1988, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Na hata kama sifa ile ya zamani ingekuwa kweli tupu, ingekuwa faida ya kujengwa kwa miaka. Kwa kipimo cha kesho asubuhi isingekuwa na maana yoyote.

La tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote. Husema hivi: tatizo kubwa la watu wetu ni kutopima kabisa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mabingwa wa saratani hawachoki kulalamika kwamba wagonjwa wanafika wamechelewa. Ikiwa glasi mbili zitampa mtu ujasiri wa kwenda, si afadhali aende akiwa na harufu ya mvinyo kuliko asiende kamwe? Jibu langu ni ndiyo, afadhali aende. Aliyekunywa jana asikae nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Aende, aseme alikunywa nini na saa ngapi, na mhudumu ataamua kipi kipimwe leo na kipi kingoje. Lakini tusichanganye ujasiri wa usiku na ujasiri wa asubuhi. Pombe humpa mtu moyo saa tatu usiku, wakati hakuna dirisha la mapokezi lililo wazi kwa ajili yake. Saa kumi na mbili asubuhi, pale moyo huo unapohitajika, umeshakwisha, na mahali pake pana kichwa kizito, kiu na sababu nzuri ya kusema nitakwenda wiki ijayo. Aliyekwisha kuwa na nusu ya nia ya kuahirisha, uchovu unamkamilishia nusu ya pili.

Nimeiondoa chupa mezani, kwa hiyo nina deni la kusema nini kibaki. Turudi kwenye vigezo vyetu. Cha kwanza kilikuwa kupunguza kutojua, na hakuna haja ya kungoja majibu ili kutojua kupungue. Chukua kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Hutiwa kwenye kichupa cha fomalini ili kisioze, hupitishwa kwenye dawa za kukausha maji, huzamishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba vya elfu chache za milimita, hupakwa rangi, ndipo daktari bingwa akakisoma kwa hadubini. Kazi hiyo ina hatua zisizorukika, na hata mahali pasipo na foleni huchukua siku kadhaa. Asiyejua haya, kila siku inayopita bila simu huisoma kama dalili ya saratani. Anayejua anaelewa kwamba kuchelewa kwa majibu hakusemi chochote kuhusu majibu yenyewe. Vivyo hivyo kwa presha: anayejua kwamba hofu ya hospitali peke yake huweza kuipandisha, kwamba kipimo sahihi hutaka mtu akae dakika tano ameegemeza mgongo, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kuzungumza, na kwamba namba moja haitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa, hufika hospitali akiwa na mzigo mwepesi. Mambo haya mtu amuulize mhudumu. Kuyasaka kwenye simu hadi usiku wa manane ni ulevi wa namna nyingine, na wengi wasiogusa pombe kwa dini au kwa hiari yao hunaswa humo.

Kigezo cha pili kilikuwa kuishika akili. Mtafiti Kate Sweeny wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, aliwafuatilia wahitimu wa sheria waliongoja miezi minne kupata matokeo ya mtihani wa uwakili. Utafiti wake wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mbinu nyingi walizotumia ili wasihangaike, kama kujilazimisha kutofikiria au kujipa matumaini, hazikuwapunguzia hangaiko. Kazi za baadaye za kundi lake zilikuta kwamba kinachosaidia zaidi ni kuzama katika shughuli inayodai akili yote. Televisheni mara nyingi haifikii kiwango hicho, kwa sababu mtu anaweza kuitazama huku akiwaza yake. Bao linafikia: lina mashimo 32 na kete 64, na anayewaza majibu ya vipimo huku akipanga hesabu ya kutakata atanyang'anywa kete zake kabla hajashtuka. Ushonaji wa vitambaa unafikia, na mazoezi ya kwaya, na mapishi magumu kwa ajili ya familia. Shughuli hizi zina faida moja ambayo mvinyo hauna. Hazimwachii mtu deni la kulipa saa tisa usiku. Akiamka saa hiyo, ataamka kwa sababu ya hofu yake tu, na mwili uliotulia huirudia njia ya usingizi kwa urahisi zaidi, hasa akivuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta.

Yuko msikilizaji mmoja ambaye maneno haya hayamhusu jinsi yalivyo. Ni yule anayekunywa kwa wingi kila siku, ambaye mkono hutetemeka asubuhi mpaka apate kidogo. Huyo asiamue kuacha ghafla usiku mmoja kwa ajili ya kipimo, kwa kuwa kukatisha pombe kwa namna hiyo huweza kuleta degedege na hata kifo. Yeye aanze kwa kumwambia daktari ukweli, na mpango wa kuacha upangwe pamoja.

Mpaka sasa nimezungumza kana kwamba hofu hii ni mali ya mgonjwa peke yake. Siyo. Sehemu kubwa hutengenezwa na namna tunavyowangojesha watu, na ushahidi upo kwamba kungoja kunaweza kufupishwa. Kabla ya vipimo vya haraka, aliyepima VVU alirudishwa nyumbani kungoja kwa siku au wiki, na wengi hawakurudi kuchukua majibu. Vipimo vya haraka vilileta majibu kwa dakika kama 20. Tarehe 14 Julai 2007, aliyekuwa Rais wa Tanzania, Jakaya Kikwete, na mkewe Mama Salma walipopima hadharani jijini Dar es Salaam kuzindua kampeni ya kitaifa ya kupima VVU, waliweza kuwaalika wananchi kwenye kipimo ambacho mtu anaingia na kutoka nacho siku hiyohiyo. Uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa siki iliyozimuliwa hutoa jibu ndani ya dakika chache, mwanamke akiwa bado kitandani, na mara nyingi tiba hufanyika papo hapo. Makohozi ya kifua kikuu yaliyokuwa yakioteshwa kwa wiki kadhaa, mashine ya GeneXpert huyasoma kwa kama saa mbili. Hakuna aliyewafundisha wanaopimwa kwa njia hizi kuwa majasiri. Waliondolewa sababu ya kuogopa kwa muda mrefu.

Pale ambapo kungoja hakuwezi kufupishwa, kunaweza kuelezwa, na maelezo hayahitaji mashine wala bajeti. Kabla hujaondoka dirishani, msikilizaji, uliza maswali manne: nifunge kula na kunywa kuanzia saa ngapi, dawa zangu nimeze au niache, majibu yatatoka siku gani, na nani atanieleza maana yake. Nanyi mlio upande wa pili wa dirisha, yajibuni kabla hamjaulizwa, na siku mliyoitaja ikipita bila majibu, mpigieni mtu simu. Dakika tatu za maelezo hayo zinagusa kutojua kwenyewe, mahali ambapo hakuna chupa inayofika. Mtu akishayapata, akale chakula chake cha jioni mapema, akae na wanaompenda, ashughulishe mikono na akili, alale. Mvinyo aupendao hautaharibika kwa kungoja, lakini damu itakayochukuliwa kesho ni moja, na inafaa iseme habari zake yeye.